Kabla ya Kununua Nyumba, Panda Basi

Ndugu wasomaji wa safu hii, Jumapili ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifikiria mwisho kabisa, baada ya mabati, matofali na rangi ya ukuta. Jambo hilo ni njia: mwenye nyumba atatokaje kwake asubuhi, na atarudije jioni.

Mwishoni mwa mwaka nilikwenda kwetu Bungu. Nasema Bungu ya Korogwe, ile iliyo milimani Usambara, maana ipo na Bungu nyingine wilayani Kibiti, na watu huzichanganya. Jioni moja tulikaa barazani kwa dada yangu mkubwa, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Mwanawe wa pili, yaani mpwa wangu, alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam, ambako anafanya kazi ya ukarani karibu na Posta. Alikuja na habari ya furaha. Baada ya miaka 11 ya kuweka akiba katika chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, alikuwa karibu kununua nyumba.

Akatoa simu yake, akatuonyesha picha. Nyumba ya kwanza ina vyumba vinne na uwanja mpana wa kupanda miembe. Iko kilometa 4 ndani kutoka barabara ya Morogoro, mbele ya Kibamba. Nyumba ya pili ina vyumba viwili, sebule ndogo, na ua usiotosha zaidi ya kamba ya nguo. Iko Kimara, mwendo wa dakika 9 kwa miguu kutoka kituo cha barabara kuu. Bei zake zinakaribiana. Dalali alikuwa amekwisha kumwambia maneno matamu: "Kwa fedha ile ile, bwana mkubwa, unapata nyumba mara mbili."

Sisi wanaume tukaanza kubishana juu ya ukubwa wa vyumba na unene wa nondo. Dada alikuwa akichambua maharage, akauliza neno moja tu: "Mwanangu, nikija huko nitashukia wapi?"

Kijana akaanza kumweleza. "Mama, basi la Korogwe litakushusha Mbezi. Hapo utapanda daladala mpaka kituo fulani. Ukishuka utatafuta bodaboda ikupeleke ndani. Njia ina mchanga kidogo, lakini ukimwambia aende polepole..." Dada, ambaye magoti yamemsumbua kwa miaka mingi na ambaye kila baada ya miezi michache huenda Muhimbili, alinyamaza akarudia maharage yake. Kijana naye akaizima simu. Swali lile ndilo lililonifanya niandike makala haya.

NJIA HUJENGA MJI

Sisi watu wa milimani si wageni wa habari ya njia. Wazee wetu walipochagua mahali pa kujenga walitazama maji, mteremko, shamba na jirani. Barabara hawakuiuliza, kwa kuwa kila mtu alitumia miguu yake. Lakini tumekulia katika nyumba ambazo masika yakikolea, udongo mwekundu huteleza kama sabuni na gari haliwezi kupanda. Wengi wetu tumepata kumwona mgonjwa akiteremshwa juu ya machela, vijana wanne wakipokezana, kuitafuta njia ya gari ya kwenda Korogwe. Aliyeiona safari ile hahitaji kufundishwa thamani ya kuwa karibu na usafiri.

Hata mji wa Korogwe ni mwana wa njia. Reli iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1902, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Palipokuwa na stesheni pakaota maduka, maghala, na nyumba za watu wa mishahara. Mwaka 1963 kipande cha reli kutoka Ruvu hadi Mnyusi kiliiunganisha reli yetu na Reli ya Kati, na hivyo mtu wa Korogwe akaweza kupanda treni hadi Dar es Salaam.

Lakini reli hiyo hiyo inatufundisha somo la pili. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ilikoma kupita. Kwa muda wa robo karne hivi, wenye nyumba karibu na stesheni walikuwa karibu na majani yaliyoota kati ya mataruma. Ilirejea Desemba 2019, na hata baada ya kurejea haikuwa treni ya kila siku. Korogwe haikufa katika miaka ile kwa sababu moja kubwa: barabara kuu itokayo Segera kwenda Moshi inapita mjini hapo hapo. Mji uliokuwa na njia mbili ulipopoteza moja, ulisimama kwa mguu wa pili. Ndugu msomaji, liweke neno hilo moyoni, tutalirudia.

HESABU AMBAYO DALALI HAIFANYI

Sasa tuchukue kalamu na karatasi, tufanye hesabu ambayo mpwa wangu aliifanya nami usiku ule kwa taa ya sola. Takwimu hizi ni za kukadiria. Wewe weka zako.

Tuseme kwamba ile nyumba ya ndani inamtaka alipe bodaboda shilingi 1,500 kila safari kuifikia barabara kuu, na kwamba nauli yake ya basi itazidi ile ya Kimara kwa shilingi 300. Ziada ni shilingi 1,800 kwenda na shilingi 1,800 kurudi, jumla shilingi 3,600 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 93,600 kwa mwezi. Ondoa mwezi mmoja wa likizo, uzidishe kwa miezi 11: shilingi 1,029,600 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni zaidi ya shilingi milioni 10, na hapo tumejidanganya kwamba nauli haitapanda hata senti. Aidha, tumemhesabu mtu mmoja tu. Mkewe naye anafanya biashara Kariakoo, na watoto wawili watakwenda shule.

Fedha huweza kutafutwa. Tuhesabu sasa kile kisichotafutwa. Tuseme safari kutoka nyumba ya ndani inazidi ile ya Kimara kwa saa moja. Kwenda na kurudi ni saa 2 kwa siku, saa 52 kwa mwezi, saa 572 kwa miezi 11. Gawanya kwa saa 24. Utapata karibu siku 24 nzima, mchana na usiku, kila mwaka, ambazo mtu huyu atazimaliza akiwa amesimama ameshika bomba la basi, mkoba wake ukibanwa na viwiko vya watu. Likizo yake ya mwaka ni siku 28. Maana yake ni kwamba barabara itakuwa imemla likizo nzima, ikambakishia siku 4.

Kwa hiyo bei ya nyumba si ile inayoandikwa katika mkataba wa mauziano peke yake. Ile ni bei ya siku ya kwanza. Bei nyingine hulipwa kila alfajiri kituoni, na haina risiti.

KOSA LANGU MWENYEWE

Huenda msomaji akasema: mzee huyu anahubiri tu. Hapana, nimelipa karo ya somo hili.

Mwaka 1987 nilinunua nyumba ambayo haijakwisha, pembeni kabisa mwa jiji, katika upande ambao sina haja ya kuutaja. Siku zile usafiri wa Dar es Salaam ulikuwa na taabu zake. Shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilikuwa na mabasi machache kuliko watu. Daladala za watu binafsi, zilizoruhusiwa kuanzia mwaka 1983, zilikuwa zikifuata barabara zenye faida tu. Aliyeniuzia aliniambia kwamba basi litaanza kufika pale "hivi karibuni". Mimi nilikuwa kijana, nilitazama upana wa uwanja, nikaamini.

Basi hilo lilichukua miaka mingi kufika. Nilikuwa nikitoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri, nikirudi saa 3 usiku. Mwanangu wa kwanza alinijua kwa sauti ya komeo la mlango zaidi ya alivyonijua kwa uso. Siku za Jumapili alinitazama kama mgeni aliyekuja kula wali.

Kisha usiku mmoja wa mwezi Aprili mke wangu alishikwa na uchungu wa uzazi kabla ya siku zake. Mvua ilikuwa ikinyesha. Hapakuwa na gari, na aliyekuwa na gari mtaani alikuwa safarini. Jirani mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa na mkokoteni wa kubebea maji. Tukaweka godoro juu yake, tukafunika kwa turubai, tukausukuma sisi wawili kuelekea barabara kubwa. Mtoto hakusubiri barabara. Alizaliwa njiani, chini ya mwembe, mikononi mwa mama mmoja ambaye alitusikia akatoka na kandili. Ni binti, na leo ana watoto wake wawili. Lakini kwa nusu saa ile sikujua kama nitarudi nyumbani na watu wawili, na mmoja, au peke yangu. Nilikumbuka machela za Bungu. Nilijiuliza nimetoroka nini kijijini, ikiwa nimekuja kuyanunua yale yale mjini kwa fedha zangu.

JE, MJI HAUTATUFUATA?

Mpwa wangu ni kijana msomi, hakukubali upesi. Alisema: "Mjomba, lakini watu walioanza kujenga mbali ndio matajiri wa leo. Mji huwafuata." Hoja hii ina ukweli, na si vema kuipuuza.

Ni kweli kwamba Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipopimwa viwanja katika ule mpango wa makazi wa miaka ya 1970, wengi waliziona ni porini. Leo nani ataziita porini? Lakini tutazame ramani. Sinza na Kijitonyama ziko kati ya barabara mbili kuu, ile ya Morogoro na ile ya Bagamoyo. Mji haukuwafuata waliojenga huko kwa huruma. Ulifuata barabara ambazo zilikuwa zimekwisha kuwapo. Ukitaka mji ukufuate, kaa mahali ambapo tayari unapita.

Upande wa pili wa hoja ni Mabwepande. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, yaliyoua watu katika bonde la Msimbazi, serikali iliwapatia waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Walipata ardhi kavu iliyopimwa, na usalama wa mvua. Hata hivyo wengi wao walikuwa watu wa vibarua na biashara ndogondogo za Kariakoo, Ilala na Magomeni, na riziki yao ilibaki huko walikotoka. Nauli ikawa kubwa kuliko faida ya siku. Baadhi yao walirudi bondeni, wakiijua hatari iliyopo. Tusiwacheke. Mtu anayechagua kuishi penye mafuriko ili awe karibu na kazi yake anatuambia kwa vitendo jinsi umbali unavyouma.

Tena usafiri wenyewe huhama. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalianzia na kuishia Ubungo, na waliochagua kupanga au kununua karibu na Ubungo kwa ajili hiyo walikuwa wengi. Februari 2021 kituo kikuu kipya kilizinduliwa Mbezi Luis, na safari zikahamia huko. Lakini aliyekuwa Ubungo hakubaki mkiwa, kwa sababu pale zinakutana barabara ya Morogoro, ya Mandela na ya Sam Nujoma, na mabasi yaendayo haraka yalikuwa yamekwisha kuanza kupita tangu Mei 2016. Ni lile lile somo la Korogwe: usiegemee nguzo moja. Nunua mahali ambapo chombo kimoja kikikosekana, iwe kwa ubovu, kwa mgomo au kwa mvua, kingine kipo.

KARIBU SI PEMBENI

Hapa sina budi kutoa onyo, maana wengine wakisikia "karibu na barabara" hukimbilia kununua banda linalogusa lami.

Barabara ina ardhi yake iitwayo hifadhi ya barabara. Kwa kanuni za mwaka 2009, hifadhi ya barabara kuu ina upana wa meta 60, yaani meta 30 kila upande kutoka katikati, na ziko sehemu ambako hifadhi iliyotangazwa ni pana zaidi ya hapo, kama ilivyo barabara ya Morogoro. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya barabara hiyo, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa ili kupisha upanuzi. Wengi walikuwa wamekaa pale miaka mingi, wengine na watoto waliozaliwa pale. Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uone mchoro wa eneo. Uliza ofisi ya wakala wa barabara, iwe TANROADS kwa barabara kuu au TARURA kwa za mitaa, mpaka wa hifadhi unaishia wapi. Reli nayo ina hifadhi yake. Ukiona ukuta umepakwa rangi upya mahali pamoja tu, uliza kulikuwa na alama gani chini ya rangi hiyo.

Vile vile tazama bonde. Mvua kubwa zimeifunga mara kwa mara barabara ya Morogoro pale Jangwani, na basi lisiloweza kuvuka haliwi msaada kwa mtu hata kama kituo kiko mlangoni pake. Uliza wenyeji, wala si dalali: masika yaliyopita maji yalifika wapi?

Na hata kama sheria inaruhusu, usiwaweke watoto wadogo mahali ambapo mlango unafungukia magari. Vumbi, moshi, honi za usiku, na mpira unaokimbiliwa barabarani, vyote ni gharama. Nyumba nzuri kwa maoni yangu ni ile iliyo mstari wa tatu au wa nne kutoka barabarani, mwendo wa dakika 5 hadi 10.

JINSI YA KUIPIMA NYUMBA KWA MIGUU

Dalali hupenda kukupeleka Jumapili mchana kwa gari, wakati njia ni nyeupe na jua limekausha matope. Mshukuru, kisha rudi mwenyewe siku ya Jumatatu. Fanya haya:

Kwanza, fika mtaani saa 11 alfajiri na utoke hapo kama mtu anayekwenda kazini. Pima dakika kutoka mlangoni hadi kituoni, kisha pima dakika za kungoja, kisha dakika za safari. Wengi hupima za safari tu. Kama huwezi kufika alfajiri, mwombe rafiki anayekaa huko akulaze usiku mmoja.

Pili, tazama basi linafikaje pale. Kituo kilicho katikati ya njia huona mabasi mengi yakipita yamejaa, kondakta ananing'inia mlangoni. Ukiona abiria wengi wanapanda gari linaloelekea kinyume ili "kugeuza nalo", na kulipa nauli mara mbili kwa ajili ya kiti, jua kwamba kituo kile kina majina mengi na viti vichache.

Tatu, uliza basi la kwanza ni saa ngapi na la mwisho ni saa ngapi. Karani anaweza kungoja saa 12. Mama anayefuata samaki Feri au mboga Ilala lazima afike kabla hakujakucha. Muuguzi na mlinzi hurudi usiku. Nyumba iliyo karibu na basi lisilofanya kazi katika saa zako iko mbali.

Nne, tembea njia hiyo usiku pamoja na mkeo au dada yako, na umwache yeye aseme. Mwanamume huona njia fupi. Mwanamke huona kichaka, nyumba isiyokwisha, na taa isiyowaka. Kama yeye hawezi kuipita peke yake saa 2 usiku, basi hizo dakika 9 si zake.

Tano, mfikirie mwanafunzi. Nauli yake ni ndogo, na sote tumewaona watoto waliovaa sare wakiachwa kituoni kwa sababu ya udogo huo. Kama ipo shule ambayo mtoto anaweza kuiendea kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa, hiyo ni thamani kuliko chumba cha nne.

Sita, usinunue ahadi. Ukiambiwa kwamba mwendokasi, reli au lami "inakuja", nyumba hiyo ilipe kwa bei ya leo, na ujiulize kama utaweza kuishi hapo miaka 10 ikiwa haitakuja. Ikija, shukuru.

Saba, baada ya kuridhika na njia ndipo ugeukie hati. Hakikisha jina katika ofisi ya ardhi, pitia kwa viongozi wa serikali ya mtaa, waulize majirani mipaka, na mwenzi wa muuzaji awepo na akubali. Njia nzuri haitamsaidia aliyenunua nyumba ya mtu mwingine.

Msomaji unayepanga, usidhani kwamba haya hayakuhusu. Hesabu ya nauli ni hiyo hiyo. Chumba cha kodi ndogo kilicho mbali huweza kuwa ghali kuliko chumba cha kodi kubwa kilicho karibu. Na wewe unayebaki kijijini, kama sisi wa Bungu, unapotenga kiwanja cha kijana wako acha upenyo wa gari kupita, hata kama leo hakuna mwenye gari. Nimeona nyumba nzuri za matofali ya kuchoma ambazo mgonjwa hutolewa kwa kupitia shambani mwa jirani, kwa sababu ndugu waligawana ardhi hadi njia ikakosa pa kupita.

NENO LA MWISHO

Mpwa wangu alirudi Dar es Salaam. Juma la pili alinipigia simu. Alikuwa amekwenda kulala kwa rafiki yake karibu na ile nyumba ya vyumba vinne, siku tatu mfululizo za kazi. Siku ya kwanza alifika ofisini mapema, akacheka. Siku ya pili mvua ilinyesha, bodaboda zikapandisha bei, akachelewa kwa dakika 50. Siku ya tatu alirudi saa 3 usiku akamkuta mtoto wa rafiki yake wa miaka minne amelala juu ya mkeka karibu na mlango. Mama yake alieleza kwamba mtoto hulala pale kila siku akimngojea baba.

"Mjomba," aliniambia, "nimemwambia dalali kwamba nachukua ile ndogo."

Nikamuuliza kama hana huzuni kwa ajili ya miembe. Akasema anayo. Vyumba viwili ni vidogo, na watoto watakapokua atalazimika kujibana au kupandisha ghorofa, Mwenyezi Mungu akipenda. Sikumficha: kila nyumba ina upungufu wake, na mnunuzi mwenye busara ni yule aliyechagua upungufu anaoweza kuishi nao. Chumba kinaweza kuongezwa. Kilometa 4 haziondolewi.

Kisha nikampa simu dada yangu, maana nilikuwa bado Bungu. Kijana akamweleza tena safari: basi la Korogwe hadi Mbezi, basi moja hadi Kimara, kisha dakika 9, njia ni tambarare, na lipo duka njiani lenye benchi la kupumzikia. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kwenye benchi hilo kuna kivuli.

Wewe nawe, ndugu msomaji, kabla hujatia sahihi, muulize mtu mzee kuliko wote katika ukoo wako na mtoto mdogo kuliko wote. Ikiwa hao wawili wanaweza kufika kwako na kutoka kwako bila kubebwa, umepata nyumba. Tuonane Jumapili ijayo.